Daftari Lililofungiwa Ndani ya Kompyuta



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi katika jumuiya yetu daftari tulikuwa nalo. Tulichokosa ni mlango wa kulifikia. Katika makala haya tutaeleza jinsi tulivyohangaika wiki mbili nzima kutia programu moja katika kompyuta ya Windows, mambo yaliyotukwamisha, na namna tulivyoyatatua moja baada ya jingine. Tunayaandika kwa kuwa twajua kwamba nyumba nyingi za ndugu zetu hapa Uingereza zina kompyuta kuukuu iliyowekwa chini ya ngazi, na ndani yake mna picha, barua na hesabu ambazo leo hazifunguki.

KISA CHENYEWE

Chama chetu cha kuzikana kilianza kuweka hesabu zake katika kompyuta mwaka 1996. Programu iliyotumika ilitengenezwa kwa Windows za zama zile, nayo ikahamishwa kutoka kompyuta hii hadi ile, mpaka ikatua katika mashine ya Windows XP. Mashine hiyo ilitumika miaka mingi, hata majira ya baridi yaliyopita ikazimika isiwake tena. Hatukushtuka, kwani michango ya tangu 2011 imeandikwa kwa utaratibu mwingine.

Kisha akafariki mzee wetu mmoja. Maziko yalifanyika kwa wakati wake, alhamdulillahi, kwa kuwa maziko hayangojei hesabu. Lakini kanuni ya chama hutoa pia msaada kwa wafiwa wa kila mwanachama ambaye hakuacha kuchangia kwa zaidi ya miezi 12 mfululizo. Wajumbe wawili wa kamati walikumbuka kwamba marehemu alipopoteza kazi mwaka 2002 aliacha kuchangia kwa miaka kadhaa. Mjane akasema sivyo. Daftari la karatasi la miaka hiyo lilikwisha haribiwa na maji bomba lilipopasuka, kwa hiyo ushahidi uliobakia ulikuwa ndani ya ile kompyuta iliyozimika.

Tulipokwenda kumweleza, Bi mkubwa yule alitutazama kwa upole akasema, "Wanangu, fedha Mungu ataleta. Ila mume wangu msimwache kaburini na deni la maneno." Tulirudi tukiwa tumeinamisha vichwa.

KWA NINI PROGRAMU YA ZAMANI HAIFUNGUKI

Kwa bahati njema diski ya mashine ile ilikuwa nzima. Tuliitoa, tukaiunganisha na kompyuta mpya ya Windows 11 kwa waya wa USB, tukanakili mafaili yote. Lakini tulipoibofya programu, Windows ilikataa kuifungua. Sababu yake ni kwamba programu nyingi za miaka ile zilikuwa za biti 16, ilhali Windows za biti 64 haziendeshi kabisa programu za namna hiyo, na Windows 11 hutolewa kwa biti 64 peke yake. Windows XP ya biti 32 ndiyo iliyokuwa ikiibeba.

Diski ya XP tulikuwa nayo, pamoja na leseni yake. Lakini haiwi busara kuifuta kompyuta mpya ili kuirudisha miaka 20 na ushei nyuma. Hapo kijana wetu mmoja asomaye chuo kikuu akatushauri tutumie mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta isiyoshikika, iendeshwayo ndani ya kompyuta ya kweli. Mfano wake ni chumba kilichotengwa ndani ya nyumba, kikapewa mlango wake, jiko lake na taa zake, hata mpangaji wake akadhani ana nyumba nzima. Windows XP huwekwa chumbani humo ikaishi kwa desturi zake za kale, na Windows 11 ikabaki sebuleni bila kudhurika.

Fikra hii si ngeni. Kampuni ya IBM ilikuwa ikiifanyia kazi huko Marekani tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza VM/370 kwa ajili ya mitambo yake mikubwa. Kwa kompyuta za mezani, kampuni ya VMware ilitoa programu yake mwaka 1999. VirtualBox, ambayo ndiyo tuliyoichagua kwa kuwa hutolewa bure, ilitoka mwaka 2007 kwa kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na tangu 2010 imo mikononi mwa Oracle.

KIKWAZO CHA KWANZA: KITU KILICHOTANGULIA

Tulipoanza kuitia programu, ilitoa tangazo kwamba inahitaji kwanza fungu la mafaili ya Microsoft liitwalo "Visual C++ 2019 Redistributable". Sisi kwa haraka tukalifunga tangazo tukajaribu tena, mara tatu, kana kwamba kompyuta ingetuonea huruma. Dawa ilikuwa ndogo: kulipata fungu hilo katika tovuti ya Microsoft yenyewe, lile la x64, kulitia, kisha kuizima na kuiwasha kompyuta. Tangazo halikurudi. Tunasisitiza kwamba lichukuliwe kwa Microsoft wenyewe, kwani tovuti nyingine huligawa likiwa limechanganywa na uchafu.

KIKWAZO CHA PILI: MAHALI PASIPORUHUSIWA

Mara hii kazi ilikwenda hadi karibu na mwisho, kisha ikajirudisha nyuma yenyewe na kutuambia kwamba haikukamilika. Aghalabu jambo hili huwa na mojawapo ya sababu nne: mtu hakuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta; kuna masazo ya jaribio lililopita; Windows inangoja kuwashwa upya baada ya kujisahihisha; au programu ya kuzuia virusi imezishika draiva za mtandao zinazoandamana nayo.

Kwetu sisi mlikuwa na masazo, na juu yake kosa jingine tulilojitakia. Kijana wetu alitaka kuokoa nafasi, akaielekeza programu ikae katika folda aliyoiunda mwenyewe kwenye diski ya pili. Matoleo ya karibuni ya VirtualBox hukagua ruhusa za folda, na yakiona kwamba mtu yeyote anaweza kuyagusa mafaili yaliyomo, hukataa kukaa. Tuliyaondoa masazo yote, tukaiwasha kompyuta upya, tukalibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Run as administrator", tukaiacha programu iende mahali ilipopachagua yenyewe, yaani ndani ya "Program Files". Ikatulia.

KIKWAZO CHA TATU: MLANGO ULIOFUNGWA KIWANDANI

Tulidhani tumefika. Tuliiunda mashine pepe, tukaipa kumbukumbu ya megabaiti 512 na diski ya gigabaiti 10, ambazo zaitosha XP. Kuiwasha tu, pakatokea maneno marefu yenye kusema kwamba VT-x imezimwa.

VT-x ni uwezo uliomo ndani ya prosesa za Intel tangu 2005. Prosesa za AMD zina uwezo wa namna hiyo tangu 2006, nao huitwa AMD-V. Ndio unaoiwezesha prosesa moja kuhudumia chumba na sebule bila kuvichanganya. Matoleo ya zamani ya VirtualBox yaliweza kufanya kazi bila uwezo huo kwa baadhi ya mashine, lakini tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019 hayawezi. Na baadhi ya kompyuta hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa.

Msomaji anaweza kuhakikisha kwa urahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "CPU", na utazame mstari ulioandikwa "Virtualization". Ikiwa umeandikwa "Disabled", mlango umefungwa, na kuitia programu mara 10 hakutaufungua.

Ufunguo hauko ndani ya Windows. Uko katika mipango ya msingi ya kompyuta, iitwayo BIOS au, siku hizi, UEFI. Huingiwa kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu kompyuta inapowaka, kwa kutegemea aina yake. Ukiisha kuingia, tafuta maneno "Intel Virtualization Technology", au "SVM Mode" kwa kompyuta za AMD, uyageuze yawe "Enabled", uhifadhi, na utoke. Jingine lolote usiliguse.

Hapa pana tahadhari kubwa. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski zake kwa kufuli la BitLocker au mfano wake, na mabadiliko katika mipango hiyo ya msingi huweza kulifanya kufuli lidai ufunguo wa tarakimu 48. Hakikisheni kwamba ufunguo huo mnao umeandikwa mahali kabla ya kugusa kitu. Sisi tulikumbuka jambo hili dakika chache kabla ya kuchelewa.

KIKWAZO CHA NNE: WENYE NYUMBA WAWILI

Baada ya hapo XP iliwaka, lakini kwa uzito, na pembeni mwa dirisha pakaonekana picha ya kobe wa kijani. Kobe huyo ni ishara kwamba VirtualBox haiukamati uwezo ule moja kwa moja, bali huupata kupitia Hyper-V, mtambo wa Microsoft wenyewe ambao hutumiwa pia na baadhi ya ulinzi wa Windows 11, ukiwamo ule uitwao "Memory integrity". Baada ya sisi kuufungua mlango, Windows nayo ilikuwa imeingia.

Wapo washauri wanaosema yote hayo yazimwe. Sisi hatukuyazima. Ulinzi huo unaikinga kompyuta ambayo watoto wetu huitumia kwa masomo, na daftari la michango halihitaji mbio. Tuliona ni heri kobe afike salama. Anayetaka kasi kwa kazi nzito atauzima kwa hiari yake, akijua anachokiacha.

Jambo jingine tulilolifanya ni kuikatia mashine pepe mtandao kabisa. Microsoft iliacha kuisahihisha Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na kuipeleka kwenye intaneti leo ni sawa na kulala mlango wazi. Mafaili ya chama tuliyafunga katika faili moja la mfano wa sidii, tukaliingiza katika mashine pepe kama mtu atiaye sidii ya kweli.

KILICHOMO DAFTARINI

Ilikuwa baada ya swala ya Isha programu ilipofunguka, na majina yakashuka kwenye kiwambo, mengine ya wazee tuliokwisha wazika. Tulikwenda moja kwa moja kwa jina la marehemu. Mwaka 2002 mchango wake ulipungua, lakini haukukatika. Mwaka 2003 palikuwa na miezi 5 mitupu, na mwezi uliofuata ameandikiwa malipo ya miezi yote 6 kwa mkupuo. Baada ya hapo hakukosa hata mwezi mmoja.

Wajumbe wale wawili hawakungoja kikao. Walikwenda siku ya pili kumtaka radhi mjane, naye akawasamehe. Msaada wake alilipwa wiki hiyo hiyo, na kwa ruhusa yake tumeandika habari hii bila ya majina.

Vijana wawili wamekwisha yahamisha maandishi yote ya 1996 hadi 2010, mmoja akisoma na mwenziwe akipiga chapa. Nakala moja imechapwa kwenye karatasi na nyingine imewekwa nyumba tofauti. Lawama hatumtupii mtengenezaji yeyote wa programu wala kompyuta. Kila kikwazo kilitangulia kutuambia jina lake, ila sisi tulikuwa tukilifunga tangazo bila ya kulisoma.

Basi enyi ndugu zetu, mwenye kompyuta kuukuu na aitoe diski yake mapema, anakili kilichomo angali hai yule anayekumbuka ni kitu gani. Hesabu za watu ni amana, na amana hairejeshwi kwa kusema kwamba mashine haikuwaka.

Wabillahi tawfiq.