Yakini ya Msamaha katika Ushirika wa Walokole

Miongoni mwa Wakristo wa Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania waitwao Walokole, yaani waliookoka, swali limsumbualo mwenye dhambi usiku, yaani kama Mungu amemghufiria kweli au amemstahimili kwa muda tu, halikuachwa kamwe liwe shauri la mtu na nafsi yake peke yake. Lilipelekwa mbele ya ndugu, likajibiwa kwa kinywa kilichotaja kosa waziwazi na kwa masikio yaliyokubali kusikia.

Desturi hii ina asili ijulikanayo. Mwaka 1929, baada ya njaa kali iliyoitesa Rwanda, Joe Church, tabibu Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya Mungu kama yeye. Wakaketi pamoja kusoma Maandiko na kuomba. Baadaye Yosiya Kinuka, mkuu wa wahudumu wa Gahini, alimwendea Nsibambi na malalamiko juu ya hali ya hospitali, naye akaambiwa kwamba shina la mambo hayo ni dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirejea Rwanda mtu mwingine. Kutoka Gahini moto huo wa kiroho, ulioitwa Uamsho, ukaenea hata Kabale, ambako mkutano mkubwa ulifanyika mwaka 1935, kisha ukavuka mipaka yote ya Afrika Mashariki.

Ushirika hukutana aghalabu mara moja kwa juma, nyumbani mwa mmoja wao au kanisani. Baada ya sala na fungu la Maandiko, mtu husimama, akataja jina lake, akamsifu Bwana, akasimulia jinsi Yesu alivyomwokoa, kisha akaeleza yaliyompata tangu walipoonana: chuki aliyomwekea jirani, ukali kwa mkewe, fedha ya mwajiri iliyomtamanisha. Wenyewe huita jambo hili kutembea nuruni, wakiufuata waraka wa kwanza wa Yohana, ambao katika sura yake ya kwanza hufungamanisha nuru, ushirika wa ndugu na damu isafishayo. Amalizapo hapatolewi hukumu wala adhabu. Huinuliwa "Tukutendereza Yesu", wimbo wa Kiganda uimbwao hata na wasiojua Kiganda, na ndugu humkumbatia. Tena hapakuwa na ubaguzi wa cheo wala rangi, kwani wako wamisionari walioungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lisilokuwa dogo katika zama zile za ukoloni.

Naamini kwamba hapo ndipo ilipo siri ya utulivu wao. Aliyeungama faraghani huweza kubaki na khofu kwamba watu wangaliijua siri yake wangalimkimbia, na khofu hiyo, pasipo yeye kutambua, huihamishia kwa Mungu, akamdhania kuwa naye ni mwenye kinyongo. Bali yule ambaye aibu yake yote imesikiwa na wenziwe, nao wakazidi kumwita ndugu, amekwisha kuonja kwa dhahiri rehema aliyoisikia ikihubiriwa.

Toba yao haikuishia katika maneno. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe, madeni yaliyokanwa yakalipwa, mahasimu wakatafutana. Hasha, hawakuwa wakinunua maghufira kwa matendo hayo. Aliyekwisha kusamehewa hakuwa tena na sababu ya kuficha kitu.

Yakini hiyo ilijaribiwa Kenya katika miaka ya 1950. Ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga utawala wa kikoloni, wakisema kwamba damu ya Kristo imewatosha wala hawawezi kula kiapo kwa damu nyingine. Na wengi wao, kwa imani iyo hiyo, wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Mtu mwenye shaka ya msamaha wake hasimami hivyo mbele ya panga.

Walakini ipo hatari ambayo haifai kunyamaziwa. Kuungama kulikokuja kama faraja huweza kugeuka sheria, hata mtu akapima wokovu wake kwa wingi wa anayoyafichua, au kwa makatazo anayojitwika. Nchini Uganda, katika miaka ya 1970, walitokea Abazukufu, yaani walioamka, walioona kuwa wenzao wamelala usingizi, wakasisitiza ukali mpya, hata kuchukua deni kukahesabiwa kosa. Ushirika ukagawanyika, na wengi waliokuwa na amani wakarejeshwa katika wasiwasi. Mwenendo ulio bora, nao ungalipo katika vikundi vingi, ni kwamba dhambi ya leo huletwa nuruni leo, na ile ya zamani iliyokwisha kutubiwa hutajwa kwa kumshukuru Mungu tu. Akiinuka mtu kuililia upya kana kwamba haijaondolewa, mzee mmoja humsogelea kwa upole na kumwuliza: ndugu, damu ile ilipungukiwa na nini?