Kuagana si Neno la Mtihani

Wasafiri wengi warejeapo nyumbani hutusimulia siku ya kwanza: namna walivyopokewa, chakula walichokionja na lafudhi walizozistaajabia. Siku ya mwisho huipita mbio, kwa kuwa aghalabu ni siku ya kufunga mizigo na kuhesabu fedha zilizosalia. Maoni yangu ni kinyume. Siku ya kwanza mgeni hupokewa na kila mtu. Ni siku ya kuondoka ndipo hujulikana kama aliishi na watu au alitazama mandhari tu. Kwetu sisi tunaofundisha lugha, siku hiyo ni mtihani usio na msahihishaji.

Mwezi Agosti, mimi na rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Thika, tulikwenda likizo Unguja kwa siku nane. Tulikuwa nchi ya kigeni, maana pasi zetu zilipigwa mihuri na fedha zetu zikabadilishwa. Hata hivyo, kila tulipofungua vinywa tuliitumia lugha iliyotoka pale pale. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaishughulikia kwa ajili ya shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa hiyo mwenzangu, ambaye ameifundisha sarufi hiyo kwa miaka ishirini, alikwenda kama mtu anayewaendea wakwe: kwa furaha, na kwa hofu kidogo.

Asubuhi ya siku ya mwisho tuliketi barazani Mji Mkongwe, penye muuza kahawa. Mzee mmoja akatuuliza tunakotoka. Nikamjibu kwamba tunatoka Kiganjo, karibu na mji wa Thika. Akacheka. "Kiganjo? Basi mnatoka mahameni, wanangu!"

Vijana waliokuwapo hawakuuelewa mzaha huo, lakini mzee alikuwa amegonga ndipo. Kwa Kikuyu, kiganjo ni mahali palipokuwa na boma la watu, wakahama. Kiswahili nacho kina neno ganjo, lenye maana ya mahame, na kamusi zimelihifadhi ingawa wasemaji wengi wa leo hawalijui. Mkikuyu wa Thika na Mswahili wa Unguja wamelirithi neno moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kumwambia mtoto wa bara kwamba Kiswahili ni cha wenyewe, watu wa pwani, naye akiseme kama mwazima nguo. Sivyo. Mtoto wa Kiganjo akiingia katika somo la Kiswahili anaingia nyumba ya ndugu.

Ugeni wetu unaanzia pengine. Saa ya kwenda bandarini ilipowadia, tulimkuta mama mwenye nyumba tuliyofikia ameketi ukumbini na kijana wa jirani. Kodi tulikwisha kumlipa tangu usiku. Mwenzangu akainua begi lake, akasema, "Haya, Bi Mkubwa, sisi tumeenda." Alilisema kwa moyo mweupe, kama tulisemavyo Thika kila uchao. Bi Mkubwa hakukasirika. Alitutazama tu, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Wakati huo yule kijana akainuka naye, akasema, "Bi Mkubwa, naomba ruhusa." Akajibiwa, "Ruhusa unayo, mwanangu."

Mwenzangu akaliweka begi chini. "Bi Mkubwa, nasi tunaomba ruhusa."

Uso wa mama yule ukachanua. Akatupa ruhusa, kisha akatutaka radhi kwa lolote ambalo huenda alitukosea, nasi tukamtaka radhi. Akamwagiza mjukuu wake atufungie visheti vya njiani. Robo saa nzima ikapita kabla hatujauvuka mlango.

Tulipokuwa katika boti ya kwenda Dar es Salaam mwenzangu alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye akasema, "Daktari, kwa miaka ishirini nimewafundisha watoto kwamba alamsiki hujibiwa binuru. Kwa siku nane sijaisikia binuru hata moja. Lakini hili la ruhusa nimelisikia kila siku, na sijalifundisha hata mara moja."

Kauli hiyo ndiyo chanzo cha makala haya.

Wapo watakaokimbilia kusema kwamba Wakenya hawana adabu. Hukumu hiyo ni ya haraka, na haina msingi katika taaluma ya lugha. Tuitazame historia. Katika mashamba ya kahawa na mkonge ya Thika na Ruiru wakati wa ukoloni, Kiswahili kilichosikika mno kutoka kwa mwenye shamba kilikuwa kile kilichoitwa Kisetla: lugha iliyopunguzwa ikabaki vitenzi vya kuamuru. Leta, peleka, ngoja, upesi! Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kuwafunza Kiswahili cha bara askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mtu anayejifunza lugha ili aitume haihitaji ile sehemu ya lugha inayoomba. Bwana haombi ruhusa ya kuondoka, huondoka. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana lugha ya sokoni nayo hupenda ufupi. Nasema kwamba wengi wa babu zetu walikipokea Kiswahili kikiwa tayari kimenyolewa maneno ya heshima, nasi tukakirithi hivyo hivyo.

Ushahidi kwamba tatizo si watu bali ni njia ambayo lugha ilitufikia umo majumbani mwetu. Mkikuyu anayeondoka humwambia anayebaki "tigwo na wega", yaani ubaki na wema. Naye anayebaki humwambia anayeondoka "thii na wega", yaani uende na wema. Kila upande una maneno yake. Mtoto anayeagana na nyanya yake kwa namna hiyo asubuhi ndiye yule yule anayemwambia mwalimu wake jioni, "Mwalimu, nimeenda." Adabu anayo. Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuitia katika Kiswahili.

Shule ingemwonyesha, lakini imeshughulika na mengine. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Tatizo ni kwamba kinachotahiniwa ndicho kinachofundishwa. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE, alama 40 kati ya 80 zimetengewa matumizi ya lugha, ambayo kwa kiasi kikubwa ni sarufi, na 10 tu zimeachiwa isimujamii. Katika shule za msingi somo la maamkizi na maagano lipo, ila mwanafunzi hulikariri kama jedwali la kuzidisha: makiwa, tunayo, alamsiki, binuru. Hufuzu somo la kuagana bila kumwaga mtu yeyote.

Neno lenyewe lingetufundisha tukilisikiliza. Kutokana na kitenzi aga tunapata agana, na kutokana na agana tunapata agano, yaani ahadi baina ya watu. Waswahili waliona kwamba wawili wanaoachana kwa wema wamefungana ahadi. Anayesema "nimeenda" anatoa taarifa. Anayesema "naomba ruhusa" anakiri kwamba muda wake si wake peke yake, na kwamba kuondoka kwake kuna atakayekuhisi.

Walimu wenzangu, jambo hili halihitaji silabasi mpya wala fedha za serikali. Mtaala wa umilisi umeshaweka kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa mada kuu za Kiswahili. Watumeni wanafunzi wakawasikilize wazee wao wanavyoagana kwa Kikuyu, Kikamba, Kiluhya au Kijaluo, maana katika mitaa kama Kiganjo lugha hizo zote zimo. Waje nazo darasani, watafute pamoja nanyi namna ya kuzisema kwa Kiswahili sanifu, kisha wazitumie. Kengele ya mwisho ikilia, asitoke mwanafunzi kabla ya kuomba ruhusa, na mwalimu asiache kuijibu. Nanyi wanafunzi, jaribuni nyumbani jioni ya leo. Muungwana ni kitendo, na kitendo hiki hakina gharama.