Tenki jipya kwenye lori la zamani, mshale unadanganya

Kwa mwenye lori kuukuu linalobeba mahindi kutoka Liparamba kupanda kuelekea Mbinga, tenki la mafuta likitoboka mara nyingi dawa huwa moja: kununua tenki la gari lililokatwa na kulifunga mahali pa lile la zamani. Boliti zinaingia, dizeli haivuji, safari inaendelea. Matatizo huanza siku mwenye gari anapoangalia mshale wa mafuta kwenye dashibodi na kumuuliza dereva lita zimekwenda wapi.

Ugomvi wa aina hii umevunja ajira za madereva wengi, na si kila mara dereva ndiye aliyenyonya mafuta. Liparamba iko kusini, upande wa Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Gari likizimika njiani huko kwa kukosa dizeli, gharama haiishii kwenye dumu la kununua kwa bei ya kijijini. Mfumo wa dizeli huingia upepo, hivyo lazima utolewe kwa pampu ya mkono. Uchafu wa chini ya tenki nao huvutwa hadi kwenye chujio, na mwenye mzigo anaendelea kusubiri.

Kiini cha tatizo ni kwamba geji ya dashibodi haijui lita. Ndani ya tenki kuna floti, yaani boya lenye mkono wa waya. Boya likipanda au kushuka, mkono husogeza kifaa kinachobadilisha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Geji husoma omu hizo tu. Tenki likija na floti yake kutoka gari la aina nyingine, geji inasoma lugha isiyo yake.

Tofauti hizo si ndogo. Floti nyingi za mfumo wa Ulaya, kama za VDO, hutoa omu 10 tenki likiwa tupu na 180 likijaa. Floti nyingi za mfumo wa Kimarekani zinazouzwa zenyewe hutoa 240 tupu na 33 likijaa, na magari mengi ya Kijapani nayo hupungua namna hiyo, ingawa kwa namba zake. Ukichanganya pande hizi mbili mshale hugeuka: tenki kavu linaonyesha limejaa. Kuongeza rezista kunaweza kusogeza namba kidogo, lakini hakugeuzi mwelekeo. Fundi anayeahidi hivyo asilipwe.

Kujua geji ni ya upande gani ni rahisi. Fungua swichi ya gari, chomoa waya kwenye floti, uangalie mshale. Kisha gusisha waya huo kwenye chuma cha chesisi kwa sekunde moja au mbili, mbali na mdomo wa tenki kwa sababu ya cheche. Mshale ukienda kwenye kujaa, geji inataka floti ya omu zinazopungua. Ukishuka kwenye tupu, inataka zinazoongezeka. Baada ya hapo floti ipimwe kwa mita ya umeme, boya likiwa chini kabisa na likiwa juu kabisa, kabla ya kufungwa.

Ethi nayo isisahaulike. Rangi au kutu kati ya tenki na chesisi huongeza omu, na kwenye mfumo wa Ulaya hilo huonyesha mafuta mengi kuliko yaliyomo. Waya mmoja kutoka kwenye mwili wa floti hadi chesisi unamaliza kazi. Tenki la plastiki haliwezi kufanya kazi bila waya huo.

Urefu wa mkono ndipo mafundi wengi hukosea. Floti ya zamani ikihamishiwa tenki lenye kina zaidi, boya halifiki chini, na mshale unakwama juu ya tupu wakati dizeli imekwisha. Kwa floti ya kurekebishwa ambayo mkono wake huzunguka nyuzi 90, egemeo likae katikati ya kina, na mkono uwe kama asilimia 70 ya kina hicho. Tenki la sentimita 50 linataka egemeo sentimita 25 kutoka juu na mkono wa takriban 35, upunguzwe kidogo boya lisigonge.

Hata vyote vikilingana, umbo la tenki lina hesabu yake. Katika tenki la mviringo lililolazwa la lita 200, kina cha robo si lita 50 bali kama 39. Lori linalokwenda kilomita 3 kwa lita limepoteza kilomita 33, karibu nusu ya barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Vilevile kutoka kujaa hadi robo tatu mshale hushuka haraka, kwa lita 39 tu, na hapo ndipo dereva huitwa mwizi.

Njia ya kumaliza ubishi ni kulisimamisha gari mahali tambarare, tenki likiwa tupu, na kumimina dizeli lita 20 kwa 20. Kila dumu, mwenye gari na dereva wote wakiwapo, mshale uwekewe alama kwenye kioo cha geji na kijiti cha kupimia kichongwe. Dumu la kwanza linaweza lisionekane kabisa, kwa kuwa boya haligusi sakafu ya tenki. Lita hizo zisihesabiwe kwenye safari.