Ufagio si Kipimo: Ushahidi wa Ulemavu wa Askari wa Zamani

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliokuwa hai bado miongoni mwa wale waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofisi ya muda ya malipo ilifunguliwa hapa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, wachache tu wakiwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki huchekesha, lakini tabibu hukitazama kwa jicho jingine. Mzee ambaye bega lake lilivunjwa na risasi, au ambaye mizinga ilimtia uziwi asiisikie amri, angefanyaje? Aliyeumia zaidi ndiye ambaye kipimo kile kingemwangusha.

Dai la pensheni ya ulemavu lina maswali mawili: je, ulemavu upo, na je, umetokana na utumishi? La kwanza hujibiwa kliniki. La pili ndilo lizaalo mabishano, hasa miaka ikipita. Kijana wa miaka 20 aliyetoka mgambo kwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 leo amevuka miaka 65.

Chukua masikio. Kelele za mizinga hushusha mchoro wa usikivu karibu na hezi 4,000, kisha mchoro hupanda kidogo. Uzee hushusha sauti nyembamba pasipo kupanda tena. Anayepimwa kwa mara ya kwanza uzeeni huwa na alama zote mbili zilizokwisha kuchanganyika. Kipimo kimoja cha mwaka aliorudi vitani kingefaa kuliko vitano vya leo.

Kipande cha chuma pajani huonekana kwenye eksirei hata baada ya miaka 40, ingawa picha haisemi kiliingia wapi. (Muulize mzee habari za vita hata kama hadai chochote: chuma hicho kinaweza kusogea ndani ya mashine ya MRI.) Nazo jinamizi na kushtukashtuka huweza kuanza miaka mingi baada ya tukio, kuchelewa huko si ithibati ya uongo.

Kwa hiyo, mhudumu, tenganisha aliyoyasema mgonjwa na uliyoyaona. Andika tarehe, upande wa kiungo, na nyuzi ambazo goti linakunjika. "Mguu mbovu" hakumsaidii yeyote.

Nawe mgonjwa, dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wakisema ulemavu haupo, tafuta kipimo kipya. Wakisema haukutokana na utumishi, kipimo kipya hakitakufaa: tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, kumbukumbu za hospitali uliyotibiwa wakati ule, au mwenzako wa kikosi aliyekuona ukibebwa.