Bakshishi ya Fundi

 

Siku chache zilizopita mama mmoja wa Mtongwe, mjane auzaye mahamri, aliniletea swali. Alikuwa amemwita fundi wa mabomba amwekee tangi. Ninyi wa Likoni mnajua maana ya tangi: maji ya mfereji yakija leo hujui yatarudi lini, na asiye na pa kuyaweka hununua ya mikokoteni. Fundi na kijana wake walifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri, wakalipwa yote waliyopatana. Lakini fundi hakuondoka upesi. Alinawa mikono polepole, akafunga mfuko wa vyombo vyake, akaufungua, akaufunga tena. Mama alikuwa amebakiwa na shilingi 300, nazo zilikuwa za unga wa kesho. Akaniuliza, "Je, ilinipasa kumwongeza? Nilimwacha aende hivi hivi. Nilimdhulumu?"

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Sisi wa Pwani tunalo neno bakshishi, lenye asili ya Kiajemi. Wazee walikuwa na neno jingine pia, kilemba, yaani zawadi aliyopewa fundi kazi ilipokwisha, au mwalimu mwanafunzi wake alipohitimu. Angalia jambo moja: bakshishi na kilemba huja mwisho, baada ya kazi kuonekana, kwa moyo uliopendezwa. Ujira si hivyo. Ujira ni deni. Na kile kinachodaiwa kabla ya kazi kuanza, ili kazi ianze, hicho ni kitu cha tatu. Siku hizi vyote vitatu tunaviita "chai", na hapo ndipo tunapopotea.

Kuhusu ujira Maandiko hayana mashaka. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza mshahara wa mtu wa kazi usilale kwako hata asubuhi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza alipwe siku iyo hiyo kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa yeye ni maskini na moyo wake unautazamia. Ukimwambia fundi, "Njoo Jumatatu," kisha Jumatatu ukampa soda na shilingi 100 za shukrani, hujamkirimu. Umekaa na fedha zake siku tatu. Ukimlipa kwa M-Pesa, mwongeze na ya kutolea, maana mlipatana apokee elfu mbili mkononi, si elfu mbili kasoro.

Nami nina la kukiri hapa. Mwaka mmoja nilipokuwa nikikaa Changamwe, mvua kubwa zilitukuta na paa linalovuja. Hewa yetu ya chumvi huila misumari ya mabati upesi. Fundi alitaka 4,500. Nilijua ni bei ya haki, kwa sababu jirani yangu alikuwa amelipa hiyo hiyo. Lakini niliona mawingu yamekaribia mwisho wa mwezi, na yeye hana kazi nyingine, nikambana mpaka akakubali 3,000. Alipomaliza nikatoa noti ya 200 mbele ya watu. Akanishukuru sana. Nililala nikijiona mkarimu. Ilinichukua muda mrefu kufanya hesabu ile rahisi: nilimrudishia 200 katika 1,500 zake mwenyewe.

Nabii Yeremia, sura ya 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea nyumba kubwa yenye mierezi na rangi nyekundu, huku akiwatumia jirani zake bila kuwalipa. Sisi hatuna mierezi. Tuna mabati na tangi la plastiki. Hata hivyo sura hiyo sikuweza tena kuisoma haraka.

Basi kabla ya kuuliza, "Nimpe bakshishi?" jiulize, "Bei niliyompa ilikuwa ya haki?" Kama haikuwa, anza hapo.

Sasa, yuko mtu wa namna nyingine: yule aliyetumwa na shirika la umeme au la maji kukuunganishia mita. Huyu ana mshahara wake, na ada zako umelipa ofisini. Akinyamaza mlangoni akingoja kitu ndipo apande ngazi, hiyo si bakshishi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mpe maji baridi, jua letu ni kali. Ukimlipa ili akutangulize, jua kwamba jirani yako asiye na kitu amesukumwa nyuma kwenye foleni.

Usimsahau kijana abebaye vyombo, achanganyaye saruji na kupanda ngazi mara ishirini. Mara nyingi ujira wake hukatwa katika ule wa fundi, na bakshishi inayopita kwa fundi huenda isimfikie. Ukiwa na kidogo cha kuongeza, kitie mkononi mwake yeye mwenyewe. Boazi, katika kitabu cha Ruthu, aliwaagiza watu wake waangushe masuke makusudi ili yule mwanamke mgeni aokote. Hakuyapitisha kwa msimamizi.

Nilimjibu mama wa Mtongwe kwamba hakumdhulumu mtu. Alipatana bei bila kumbana fundi, akalipa siku ile ile, na bakshishi haimlazimu mtu ambaye shilingi zake 300 ndizo mtaji wake wa kesho. Nikamwambia pia kuwa fundi huishi kwa jina lake, na kumtaja kwa jirani kwaweza kumpa kazi ya wiki nzima.

Akacheka. Kumbe alikuwa amemfungia yule kijana mahamri sita kwenye gazeti wakati fundi akinawa mikono. Na majirani wawili walikwisha kuja kuomba namba ya simu ya fundi.