Meli za Tanganyika zinalala gatini, lakini njia ya Kalundu haijalala

Asubuhi ziwa likiwa limetulia, bandari ya Kalundu, kusini kidogo mwa mji wa Uvira, inaamka kabla ya jua. Magunia ya unga, bidoni za mafuta, mabati, magodoro yaliyokunjwa na mbuzi waliofungwa miguu vinapangwa kwenye maboti ya mbao, na abiria wanakaa juu ya hiyo mizigo. Wako wanaokwenda Baraka, na wako wanaokwenda Kalemie, karibu kilomita 300 kusini. Mtu akiuliza meli kubwa ya abiria itaondoka saa ngapi, wapakizi wanamtazama na kujua mara moja kwamba huyo ni mgeni.

Haikuwa hivyo siku zote. Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya meli, na meli zilikuwa sehemu ya reli. Kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli kutoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, hadi mji ulioitwa Albertville, ambao leo ni Kalemie. Reli ilifika ziwani 1915. Kutoka hapo meli zilichukua kazi: watu na mizigo vilivuka kwenda Kigoma au vikapanda kaskazini hadi Uvira na Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Tiketi ya meli na tiketi ya gari-moshi zilikuwa za safari moja.

Hata Uvira yenyewe ilikuwa na gari-moshi lake. Vijana wengi wa leo hawaamini wakiambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli ya Kivu ilifunguliwa kutoka Kalundu, ikapita Uvira na kupanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, urefu wa karibu kilomita 94. Msafiri wa Bukavu alishuka kwa gari mpaka Kamanyola, akapanda gari-moshi hadi Kalundu, akaingia melini, akafika Albertville na kuendelea kwa reli hadi Kabalo. Pale mto ulimfungulia njia ya Kindu. Reli hiyo ilifungwa 1958, miaka miwili kabla ya uhuru, kwa sababu kamyo zilikuwa zimeshaichukulia kazi yake. Ni kipande cha kwanza cha njia hiyo ndefu kukatika, na kilikatika bila kelele kwa sababu barabara ilikuwapo ya kukirithi.

Meli hazikupata mrithi wa namna hiyo. Mwaka 1974 serkali iliunganisha kampuni za reli kuwa shirika moja, lile ambalo leo ni SNCC, na bandari za Kalemie na Kalundu zikaingia humo. Kadiri mabehewa na reli zilivyochakaa upande wa Kalemie, ndivyo meli zilivyokosa mzigo wa kuchukua, na meli isiyo na mzigo haipati hela ya mazutu wala ya vipuri.

Hapo ndipo ziwa Tanganyika linatofautiana na bahari. Kivuko cha baharini kikizeeka, mwenyewe anakiuza kwa nchi nyingine. Spice Islander I ilijengwa Ugiriki mwaka 1967 ikiwa na jina la Marianna, ikafanya kazi huko kwa miaka mingi ikibeba watu na magari, na ikiwa na umri wa miaka 40 ikaletwa kwenye maji ya Zanzibar. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 645. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na tume ya serkali ilipohesabu waliopotea ikapita elfu moja. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ilikuwa boti ya abiria iliyojengwa 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington huko Marekani, ikaachishwa kazi na kuuzwa. Vyombo vilivyostaafishwa katika nchi tajiri vilipewa ajira mpya katika nchi zenye ukaguzi hafifu, na maji ya huko ni makali zaidi.

Tanganyika haiuzi meli nje wala haipokei meli iliyotembea yenyewe kutoka nje. Mto Ruzizi unaoingia kwa juu umejaa maporomoko, na Lukuga unaotokea Kalemie haupitiki kwa meli. Kila meli kubwa ililetwa ikiwa vipande, kwa gari-moshi au kwa kamyo, ikaunganishwa ufukweni. Kwa hiyo ikizeeka haina pa kwenda. Ama inatengenezwa, ama inafungwa gatini na kuanza kutolewa nyama kidogo kidogo: leo nyaya za shaba, kesho pampu, keshokutwa mabati ya sitaha. Ama inazama.

Liemba imepitia karibu yote hayo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikafika Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Iliposhushwa majini Februari 1915 iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa Kijerumani aliyewahi kupita Kivu na kupanda mlima Nyiragongo mwaka 1894. Wajerumani walipoona wanashindwa vitani, Julai 1916, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao waliipaka mashini grisi nzito kwanza ili maji yasiile. Walitaraji kurudi. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliitoa mwaka 1924 wakakuta mashini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli.

Kwa watu wa Uvira na Fizi, hata hivyo, Liemba si habari ya Wajerumani. Ni habari ya 1997. Oktoba 1996, vita ya AFDL ilipofika Uvira, maelfu na maelfu walivuka ziwa kwa chochote kilichoelea na kufika Kigoma, wakapelekwa kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mobutu alipoanguka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilikodi Liemba kuwarudisha. Katika miezi mitano meli ilipiga safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Wazee walioshuka gatini siku zile bado wanasimulia jinsi watoto waliozaliwa kambini walivyoonyeshwa milima ya Itombwe kwa kidole kutoka sitahani. Wengine hawakukaa hata mwaka mmoja na nusu: Agosti 1998 vita ya pili ilianza, wakavuka tena kwa maboti.

Mei 2015 meli hiyohiyo iliitwa tena. Warundi waliokimbia machafuko ya Bujumbura walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, bila barabara na kipindupindu kikiwa kimeingia. Liemba ilisimama mbali kidogo, mitumbwi ikawapeleka watu hadi ubavuni mwake, nayo ikawabeba kiasi cha watu 600 kwa safari kwenda Kigoma. Ilikuwa na umri wa miaka 100.

Namna hiyo ya kupakia katikati ya maji haikuwa ya dharura tu. Kwenye njia yake ya kawaida, Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia, vijiji vingi havina gati. Meli ilipiga honi, mitumbwi ikaikimbilia ikiwa na ndagala waliokaushwa, mananasi, kuku na wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali, na kila mtumbwi ukirudi na sabuni, chumvi na jamaa aliyekuwa safarini. Meli moja ilikuwa soko la pwani nzima. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimamishwa kwa kuchakaa, ikabaki Kigoma ikingoja fedha za ukarabati, karibu na MV Mwongozo, meli nyingine ya abiria iliyokuwa imelala. Serkali ya Tanzania baadaye ilisaini mkataba wa kuifufua na mafundi wakaingia kazini.

Katika miaka hiyo yote ya kungoja, hakuna kijiji kilichoacha kusafiri. Hili ndilo jambo ambalo ripoti za meli mara nyingi zinaliruka. Zinaandika umri wa injini, bei ya bati na jina la mkandarasi. Abiria hawaandikwi, kwa sababu siku meli inaposimama hawalalamiki ofisini. Wanapanda kitu kingine.

Upande wa Kongo kitu hicho ni boti la mbao lenye mashini ya nje au injini iliyotolewa kwenye gari. Barabara ya taifa nambari 5, inayotoka Uvira kupitia Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, ingeweza kupunguza mzigo wa ziwa. Lakini mvua inaikata kwenye mito, na sehemu zake nyingi zina vizuizi vya wenye silaha ambako kila pikipiki na kila gunia vinalipishwa. Mchuuzi anayepeleka nguo Kalemie anapiga hesabu yake: barabarani atalipa mara nyingi, ziwani atalipa mara moja. Ndiyo maana anachagua ziwa hata akijua boti limejaa kupita kiasi.

Hesabu hiyo imewahi kugharimu sana. Desemba 2014, MV Mutambala, iliyopewa jina la mto na sekta ya Fizi, ilizama upande wa Katanga, mwanzoni mwa majira ambapo dhoruba za mvua zinashuka ghafla kutoka milimani. Waliokufa walipita 120. Ilisemwa wakati ule, kama inavyosemwa kila mara, kwamba chombo kilibeba kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Yote mawili ni kweli, lakini chombo kinajaa kwa sababu ni chache vinavyokwenda, na abiria anayesukumwa nje leo hajui kama kesho kutakuwa na kingine. Baada ya kila ajali mamlaka zinatangaza makoti ya kuokolea kuwa ya lazima na kukataza safari za usiku. Wiki chache baadaye maboti yanaondoka jioni tena, maana mchana jua linaharibu samaki, na kiangazi upepo wa kusini unachafua ziwa.

Februari 2025 Kalundu ilionyesha njia hii ni nini hasa kwa mji. M23 walikuwa wameshaingia Bukavu, na hofu ikashuka hadi Uvira pamoja na askari waliokuwa wakirudi nyuma. Watu walijazana bandarini wakitafuta nafasi ya kwenda Kalemie. Wengine walielekea Kigoma, wengine Burundi. Hapakuwa na Liemba ya kukodi. Kulikuwa na maboti yaleyale ya unga na mabati, na bei ilipanda kwa saa.

Na gati lenyewe nalo limepigwa. Mwaka 2020 na tena 2024 maji ya ziwa yalipanda kuliko watu wengi wa hapa walivyowahi kuona, yakaingia nyumba za kandokando ya Uvira na kufunika sehemu za bandari ya Kalundu. Wazee wanakumbuka mafuriko ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kumbukumbu zao ni sahihi: ziwa lilifika juu sana mwaka 1964. Bandari ambayo sakafu yake iko chini ya maji haiwezi kupokea meli kubwa hata kama meli ikipatikana kesho.

Mipango ipo. Upande wa Tanzania meli ya mafuta ya MT Sangara imekarabatiwa, na imetangazwa mipango ya meli mpya za mizigo na kiwanda cha kujengea meli Kigoma. Agosti 2025 Burundi na Tanzania zilizindua ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, ambayo kwenye ramani inaendelea hadi Gitega, Uvira na Kindu. Ikijengwa hadi mwisho, itafuata kwa njia nyingine safari ileile ya msafiri wa Bukavu wa mwaka 1935. Lakini mipango hii inahesabu tani: shaba, mafuta, simenti, nikeli ya Musongati. Mama mwenye mafurushi mawili ya vitenge na mtoto mgongoni hayumo katika tani hizo, na ndiye aliyekuwa abiria wa sitaha wa meli za zamani.

Ukifuata ufukwe wa Kalundu unaona maseremala wakiziba nyufa za boti jipya kwa pamba na lami, ubao kwa ubao, bila mchoro. Likimalizika litabeba kiasi ambacho mwenyewe ataona linabeba. Ukutani mwa bandari hakuna ratiba ya safari ya Kalemie. Boti linaondoka likijaa.