Upupu na Maradhi ya Kutetemeka

Hapana mtoto aliyekulia Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, asiyeujua upupu, mtambaa ambao vinyweleo vya maganda yake humwasha mtu hata akasahau haya ya kujikuna mbele za watu. Lakini ni wachache wajuao kwamba ndani ya mbegu zake imo levodopa, dawa ile ile wapewayo hospitalini wenye maradhi ya Parkinson, na kwamba wanakemia wa India waliitoa humo mwaka 1937, miaka 30 kabla ya George Cotzias wa Marekani kuonyesha kwamba ikinywewa kwa kiasi kikubwa humrudishia mgonjwa mwendo wake. Basi mwenye kudharau kila dawa ya mitishamba hana insafu. Ila mwenye kuipokea kila moja kwa sababu tu imetoka porini yu katika hatari zaidi.

Maradhi haya, aliyoyaeleza tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini, na dalili zake ni kutetemeka kwa mkono uliotulia, kukakamaa kwa viungo na uzito wa mwendo, ambao jamaa aghalabu huuhesabu kuwa uzee tu, au husuda ya jirani. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika umma wa watu 161,071 waliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari yeyote. Nani basi atawalaumu wakibisha hodi kwa mganga?

Taabu ni kwamba maradhi haya huwahadaa hata wakweli. Mwaka 2001 wataalamu wa Vancouver walithibitisha kwamba mgonjwa apewapo kitu kisicho dawa, naye akitaraji kuwa ni dawa, ubongo wake humimina dopamini ya kweli. Kwa hiyo mzee asemaye alikunywa akapata nafuu aweza kuwa mkweli mtupu, na bado dawa isiwe imethibitika. Maelfu waliopanga foleni Samunge, Loliondo, mwaka 2011, wanywe kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, hawakukosa mashahidi. Kilichokosekana ni kulinganishwa na wagonjwa mfano wao ambao hawakunywa. (Mganga ambaye chupa yake moja hutibu kutetemeka, kisukari na utasa, huyo amekwisha kujihukumu mwenyewe.)

Upupu umepimwa kwa mizani hiyo ya kulinganisha. Nchini Bolivia, katika wagonjwa 18, dozi moja ya unga wake ilifanya kazi sawa na levodopa ya kidonge. Lakini wagonjwa wengine 14 walipotakiwa kuunywa kila siku, nusu yao waliacha, ama kwa kusumbuliwa na tumbo, ama kwa kuzidiwa. Kidonge huambatanishwa na karbidopa, iizuiayo levodopa isigeuke kuwa dopamini kabla ya kufika ubongoni, ilhali unga hauna kitu hicho, na kiasi cha dawa hutofautiana mbegu kwa mbegu.

Mzee wa Kilakala anywaye unga huo simwambii autupe, bali auchukue hadi kwa daktari, ataje kiasi na saa, kwani ukikutana na vidonge dawa yaweza kumzidi, akaona maruerue au viungo vikacheza bila amri yake; wala asiache vidonge ghafula kwa shauri la yeyote, maana levodopa ikikatika mara moja huweza kuleta homa kali na mkakamao wa kuua.